Nyuzi Nne: Siku Tano na Mandolini ya 1917

Jumanne, Chicago hadi Kalamazoo

Tumetoka Chicago kumekucha kidogo tu, shemeji yangu kwenye usukani, mimi pembeni nimeipakata mandolini ndani ya kasha lake. Alitaka tuiweke kwenye buti pamoja na mabegi. Nikamwambia, shem, haiwezekani. Mwezi huu wa nane gari likisimama juani nusu saa, buti linakuwa tanuri, na ala hii imeunganishwa kwa gundi ya ngozi, ile ya kuchemsha, ambayo ikipata joto inalegea. Imeishi miaka mia na ushee, leo ije kuachana mbavu kwenye kituo cha mafuta? Akawasha kiyoyozi, hakubisha tena.

Nyumbani ninazo mandolini tatu. Ya kwanza ni ya Kitaliano, mgongo umevimba kama nusu ya kibuyu, umejengwa kwa vipande vyembamba vya mbao, cheusi na cheupe kwa zamu. Watu wa kusini mwa Marekani huziita za namna hiyo kwa jina la mdudu wa viazi, kwa sababu ya ile michirizi. Ya pili ni Harmony, imetengenezwa hapa hapa Chicago, ya bei ya chini enzi zake, na mpaka leo inaimba vizuri. Ya tatu ndiyo hii niliyoipakata: Gibson, muundo wa A, umbo la tone la maji, tundu la sauti lenye umbo la yai, uso wa rangi ya boga lililoiva. Niliinunua miaka miwili iliyopita kwenye duka moja la vitu vya zamani. Muuzaji aliapa kwamba haijawahi kuguswa na fundi. Tangu majira ya baridi imekuwa ikizizima kila nikigusa uzi mnene, mzizimo wa kitu kilicholegea tumboni, na hiyo ni sababu moja ya safari hii.

Sababu ya pili ni mjomba wangu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Mandolini ya kwanza kuisikia ilikuwa ya mjomba, Ngamiani, kwenye taarabu za harusi. Kulikuwa na fidla, akodiani, udi, dumbaki, na yeye amekaa pembeni karibu na ukuta. Mandolini ni ya nyuzi nane, zimepangwa mbili mbili, jozi nne. Ya mjomba ilikuwa na nne, mmoja mmoja. Nyuzi za dukani hazikupatikana, na zikipatikana bei yake ilikuwa ya kulisha watoto wiki nzima. Kwa hiyo alifumua kebo ya breki ya baiskeli, akachagua waya mmoja mmoja, akaunyoosha kwa kuuvuta kwenye kigogo cha mwembe. Risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, alikata kwenye kopo la plastiki. Kwa nyuzi hizo nne alinifundisha mimi, mtoto wa dada yake, jioni baada ya jioni. Alipofariki, mwenzake wa kikundi aliiazima mandolini ile, na haikurudi. Sijui imelala wapi leo.

Tumefika Kalamazoo mchana, saa imeruka moja mbele kwa sababu Michigan iko kwenye saa za mashariki. Moja kwa moja tukaenda mtaa wa Parsons, namba 225. Hili ndilo jengo la kiwanda cha Gibson, la matofali mekundu, lilifunguliwa mwaka 1917. Kampuni ilihamishia kazi zake Nashville kidogo kidogo kuanzia 1974, ikafunga hapa 1984. Mwaka uliofuata, mafundi kadhaa waliokataa kuhama walianza kutengeneza magitaa yao humo humo ndani kwa jina la Heritage. Nimeegemea ukuta, nikalitoa kasha, nikaifungua mandolini mbele ya jengo. Shemeji akapiga picha. Hakuuliza kwa nini, na nilimshukuru moyoni.

Habari ya Orville Gibson naisimulia kila nikipata masikio ya kunisikiliza. Alizaliwa 1856 huko Chateaugay, jimbo la New York, akaja hapa akawa karani wa duka la viatu. Usiku alichonga mbao. Wakati huo mandolini karibu zote zilikuwa za kibuyu, za Kitaliano. Yeye akaona: kwa nini isichongwe kama fidla, uso na mgongo vikakatwa kwa patasi kutoka kwenye ubao mzito, vikabaki na mwinuko wake wa asili badala ya kukunjwa kwa mvuke? Hataza yake ni ya 1898. Mwaka 1902 wafanyabiashara watano wa mji huu wakaanzisha kampuni kwa jina lake. Alifariki 1918. Mandolini nyingi zisizo na kibuyu unazoziona leo mikononi mwa Wamarekani zinatokana na wazo la yule karani.

Jumatano, Kalamazoo

Siku nzima tumekuwa kwa fundi, mama mmoja wa makamo ambaye karakana yake iko nyuma ya nyumba, mwendo wa dakika ishirini nje ya mji. Ukutani ametundika vibano vya mbao zaidi ya mia. Harufu ni ya gundi na chai.

Kwanza hakuigusa. Aliitazama kwa dakika nzima. Kisha akachungulia tunduni, akasoma karatasi iliyobandikwa ndani. Namba yangu ni elfu thelathini na sita na ushee. "Elfu moja mia tisa na kumi na saba," akasema. Mwaka ule ule wa jengo la Parsons. Akabonyeza shingo kwa gumba: nene, ya mviringo, haina fimbo ya chuma ndani, maana Gibson walianza kutia fimbo ya kunyooshea shingo miaka ya mwanzo ya 1920. Hizi za kabla yake zinasimama kwa unene wa mbao peke yake.

Halafu akachukua kioo kidogo, kama kile cha daktari wa meno, akakiingiza tunduni pamoja na taa iliyo kwenye waya. Akaniita nitazame. Nimeipiga mandolini hii miaka miwili, sikuwahi kuiona tumbo. Mbao ya ndani ni kahawia kama mkate, alama za patasi zinaonekana wazi, mistari mifupi mifupi, mkono wa mtu ulipopita na kurudi. Chini ya tundu kuna boriti moja inayokatiza uso kutoka ubavu hadi ubavu. Ncha yake ya kushoto ilikuwa imeachia, ufa mwembamba kama unywele. Hapo ndipo mzizimo ulipotoka. Na pembeni yake, vibao vitatu vidogo vya mraba vimebandikwa kwa mpangilio juu ya ufa wa zamani. Kumbe iliwahi kutibiwa, tena vizuri. Muuzaji wangu ama hakujua ama hakusema. Imeniuma kidogo, kwa sababu nililipa bei ya ala isiyo na kovu, lakini fundi alinitazama akasema vibao hivi ni kazi safi, yeye mwenyewe asingefanya zaidi.

Kilichobandua boriti ni nyuzi nilizofunga mimi. Nilitaka sauti kubwa, nikafunga nene, zile zinazotakiwa na mandolini za kisasa. Nyuzi nane zikikazwa zinavuta mzigo mkubwa na daraja, kile kibao kinachozibeba nyuzi, linausukuma wote chini, juu ya uso ambao katikati una unene wa milimita chache. Za umri huu zinataka nyuzi nyembamba. Nimeandika hapa ili mwingine mwenye Gibson ya tundu la yai asirudie kosa langu: ukiona uso umeanza kuzama mbele ya daraja, legeza leo, usingoje kesho.

Gundi yake iko kwenye kikopo ndani ya maji ya moto, ya rangi ya asali. Akaipitisha kwa kisu chembamba, akabana kwa kijiti kilichokatwa kwa kipimo kutoka ndani. Nikamuuliza kwa nini asitumie gundi za kisasa ambazo haziachii kamwe. Akajibu kwamba ndiyo ubaya wake. Gundi ya ngozi ukiipasha joto na unyevu inafunguka, kwa hiyo fundi wa miaka mia ijayo ataweza kuingia kama yeye alivyoingia leo.

Wakati gundi inakauka, aliigeuza ala juani akanionyesha vitu ambavyo macho yangu yaliviona kila siku bila kuviona. Ubao wa vidole una vishimo, vidogo mno, kwenye freti tatu za kwanza, vile vipingo vya chuma vya shingoni, chini ya kila jozi ya nyuzi. Ukivuka freti ya saba ni laini kama mpya. Aliyeipiga hakuwa mtu wa kupanda juu kutafuta madoido. Alikaa chini, kwenye nyimbo za watu. Na kwenye uso, kulia kwa nyuzi, rangi ya boga imefutika ikabaki doa la ukubwa wa sarafu. "Hapa kidole kidogo kilikuwa kinakaa," akasema, na akaweka chake. Kikatosha. Nikaweka changu, nacho kikatosha.

Akaitikisa taratibu, akaipindua. Kukatoka donge la vumbi lililoviringana kama pamba, na ndani ya donge kipande kidogo cha risha iliyovunjika, chenye mabaka ya kahawia na njano. Nilikijua kabla hajasema. Ni gamba la ng'amba, yule kasa. Wapigaji wa zamani waliyapenda kuliko kitu chochote, maana hayaungurumi kwenye uzi na hayalegei kwa jasho. Wasafiri wa Kigiriki waliandika karne ya 1 kwamba magamba hayo yalikuwa bidhaa ya pwani yetu, pamoja na pembe za ndovu. Sasa biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu miaka ya 1970, na ni haki, ng'amba wamebaki wachache. Siwezi kusema kipande hiki kilitoka bahari gani. Nimekiacha kwa fundi, kwenye kikasha chake cha vitu vilivyotoka matumboni mwa ala.

Jioni tumekula, shemeji akauliza swali la maana: ikiwa ni ya zamani hivyo na imechongwa kwa mkono, imekuwaje mtu wa kawaida kama wewe akaimudu? Jibu lake ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 1880 kikundi cha wanamuziki kutoka Hispania kilizuru Marekani, wakapiga bandurria, ala ndugu ya mandolini. Watu wakapagawa. Wahamiaji wa Kitaliano waliokuwa na mandolini zao wakashika nafasi, na ndani ya miaka ishirini kila mji ulikuwa na orkestra ya mandolini: za kawaida, kubwa zaidi, kubwa kabisa, mpaka ya besi inayosimama chini kama mtungi. Gibson waliwatumia walimu wa muziki kuwa mawakala wao. Mwalimu anakusanya wanafunzi, anaanzisha kikundi, kila mwanafunzi anachukua ala kwa kulipa kidogo kidogo. Zikatengenezwa maelfu. Kisha ikaja jazi, banjo ikachukua nafasi, na baadaye gitaa. Mandolini zikaingia chini ya vitanda. Zimelala huko miaka hamsini, sitini, hazikuchoka wala kuchakaa, na ndiyo maana nyingine zinatufikia sisi.

Alhamisi, hadi Bean Blossom

Tumechukua mandolini asubuhi. Haizizimi. Nyuzi mpya ni nyembamba na sauti imefunguka, nzito chini, tamu juu.

Barabara ndefu, Fort Wayne, Indianapolis, mahindi kushoto na mahindi kulia. Bean Blossom ni kijiji kwenye vilima vya kusini mwa Indiana. Bill Monroe, mpiga mandolini maarufu, alinunua hapa uwanja wa muziki mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kuanzia 1967 pakawa na tamasha la bluegrass, muziki wa nyuzi wa Marekani, kila mwaka. Leo hakuna tamasha. Miti, jukwaa tupu, mabenchi, na kwa mbali familia moja imepiga hema. Nimekaa kwenye benchi la mbele nikapiga saa nzima. Shemeji alilala kwenye nyasi.

Usiku mvua.

Ijumaa, Owensboro na Rosine

Tumevuka mto Ohio asubuhi na saa imerudi moja nyuma. Owensboro kuna jumba la makumbusho la bluegrass, jipya, la 2018, kando ya mto. Ni zuri na lina kila kitu, lakini sikukaa sana, roho yangu ilikuwa Rosine.

Kwa asiyemjua: Bill Monroe ndiye baba wa muziki wa bluegrass, na jina la muziki wenyewe limetokana na bendi yake, Blue Grass Boys. Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1911, nje kidogo ya Rosine, Kentucky, kitinda mimba wa watoto wanane. Nyumba yao imekarabatiwa, iko juu ya kilima kinachoitwa Jerusalem Ridge, na watu wanaruhusiwa kuitembelea. Ni ya mbao, nyeupe, na kibaraza.

Kaka zake walipogawana ala, wakubwa walichukua fidla na gitaa. Kilichobaki ni mandolini, akapewa yeye. Tena wakamwambia atoe nyuzi nne kati ya nane, abakishe nne, asije akawapigia kelele.

Nililisoma hilo miaka mingi iliyopita, usiku, Chicago, nikakaa nikilitazama. Nyuzi nne. Mwingine kwa amri ya kaka zake, mwingine kwa kukosa, mmoja Kentucky na mmoja Ngamiani. Nilikuwa nimeishi miaka nikiona haya kidogo kusema kwamba nilijifunzia ala nusu.

Na kuna zaidi. Mama yake alikufa 1921, yeye ana miaka kumi. Baba akafuata 1928. Kijana akaenda kuishi na kaka wa mama yake, Pendleton Vandiver, mpiga fidla wa ngoma za Jumamosi, wakawa wanapanda nyumbu kwenda kupiga. Vitabu vya Kiingereza vinaandika neno lile lile wanalotumia kwa ndugu wa baba. Sisi tunalo neno lake hasa. Alikuwa mjomba wake. Aliyemfundisha kushika mapigo alikuwa mjomba.

Nikakaa kwenye ngazi ya kibaraza, nikaanza kuzifungua nyuzi. Shemeji akashtuka.

"Shem, si ndiyo kwanza imetoka kwa fundi?"

"Nazitoa nne tu. Moja kila jozi."

"Kisha?"

"Kisha nipige."

Zilipobaki nne nikazikaza upya: sol, re, la, mi, kama fidla. Daraja limesimama. Nikagusa. Sauti ilikuwa nyembamba, safi, imesimama peke yake, haina ule mng'aro wa nyuzi mbili zinazosuguana. Ilikuwa sauti ya Ngamiani. Nikapiga wimbo wa kumtoa bibi harusi, ule ambao mjomba alikuwa akiuanza kabla fidla hazijaingia, nikaupiga mpaka mwisho bila kuangalia vidole. Shemeji alioa kwetu, anaujua. Alivua kofia akakaa ngazi ya chini yangu.

Makaburi ya Rosine yako kijijini. Monroe amezikwa pale tangu 1996 chini ya mnara mrefu wa jiwe, na mjomba wake yuko makaburi hayo hayo. Tumesimama kwa wote wawili.

Usiku wa Ijumaa Rosine kuna muziki kwenye ghala la zamani, kila mtu anaingia. Lakini raha iko nje, chini ya miti, kabla jukwaa halijaanza. Watu wanasimama duara: fidla, banjo, magitaa mawili, besi kubwa. Nilisimama nyuma na kasha langu kwa muda. Mzee mmoja mwenye shati la drafti akanipungia mkono, akasogea, nafasi ikapatikana.

Katika bluegrass hakuna ngoma. Mandolini ndiyo ngoma. Unapiga kodi, yaani nota kadhaa kwa pamoja, juu ya pigo la pili na la nne, na papo hapo unalegeza vidole ili sauti ikatike: tak, tak. Mandolini za Gibson za muundo wa F-5, zenye matundu kama ya fidla, zinafanya hivyo kwa ukavu kamili. Yangu ya tundu la yai inabaki na mwangwi, haitaki kunyamaza haraka, na kwa nyuzi nne ni nyepesi zaidi. Wengi wangekwambia hii si ala ya muziki huu. Mzee wa shati la drafti alisikiliza nyimbo mbili, akainama akahesabu.

"Zimebaki nne?"

Nikamweleza habari ya kibarazani, na ya mjomba. Akawaambia wenzake kwa sauti, na mpiga banjo akasema basi leo tutasikia Bill alivyokuwa mdogo. Wakanipa zamu niongoze.

Nikapiga ule ule wa bibi harusi. Mpiga gitaa akaniuliza kwa macho, kodi gani? Nikamwambia kaa hapo hapo kwenye re, usihame. Akakaa. Besi ikashika. Mpiga fidla, msichana wa miaka kama kumi na saba, alisikiliza mzunguko mmoja, wa pili akaingia chini ya sauti yangu, wa tatu akaubeba wimbo wenyewe na zile nota zake za kuteleza, nami nikarudi kwenye tak, tak. Tulizunguka mara nyingi, sikuhesabu. Nilimwona shemeji nje ya duara akipiga makofi kwa mahadhi ya kwetu, na mama mmoja wa Kentucky karibu yake akimfuata.

Jumamosi, Morgantown na Nashville

Kabla ya Nashville tulikata Morgantown, dakika chache tu kutoka njia kuu, kumtafuta Arnold Shultz. Kaburi lake liko hapa.

Shultz alizaliwa 1886 katika wilaya ile ile ya Rosine. Mtu mweusi, mchimba makaa ya mawe, mpiga gitaa na fidla ambaye watu walitembea maili nyingi kumsikia. Monroe mwenyewe alisimulia kwamba kazi yake ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kumsindikiza Shultz kwa gitaa kwenye ngoma, kijana akihangaika kumfuata mpaka asubuhi. Ile ladha ya blues, muziki wa watu weusi wa Marekani, iliyo ndani ya mandolini ya Monroe, ile kuteleza na kuchelewa kwa makusudi, alisema ameitoa kwake. Ufundi wake wa gumba kwenye gitaa ulipita kutoka mtu hadi mtu ukafika kwa mpiga gitaa Merle Travis, na kwa Travis ukaenea dunia nzima. Alifariki 1931. Hakurekodiwa hata mara moja. Sijui kama yuko anayeishi leo aliyeisikia sauti yake.

Shemeji akauliza, "Huyu alipiga mandolini?"

"Hapana."

Alifikiri kidogo. "Ila iko humo," akasema, akionyesha kasha.

Tukasafisha majani makavu kando ya jiwe, tukaomba dua, tukaondoka.

Nashville, makumbusho ya muziki wa kantri, nimeiona hatimaye mandolini ya Monroe. Gibson F-5, namba 73987, imetiwa sahihi na Lloyd Loar tarehe 9 Julai 1923. Loar alifanya kazi Gibson tangu 1919 hadi 1924 tu, na zile F-5 zenye sahihi yake ndizo zinazotafutwa kuliko mandolini zote duniani. Leo moja huuzwa zaidi ya dola laki moja. Monroe aliikuta hii miaka ya 1940 dirishani mwa kinyozi huko Florida, akainunua kwa dola 150. Miaka ya 1950 aliipeleka kutengenezwa, ikarudi namna ambayo hakuridhika nayo, akachukua kisu akakwangua jina la kampuni kichwani. Likabaki neno "The" peke yake, na akaipiga hivyo miaka karibu thelathini. Mwaka 1985 mtu aliingia nyumbani kwake akaiponda kwa chuma cha kuchochea moto. Vipande vikaokotwa sakafuni, na fundi Charlie Derrington akaviunga kimoja kimoja, vingine vidogo kama kibanzi cha kiberiti. Monroe akaendelea kuipiga miaka kumi mingine.

Nimesimama mbele ya kioo muda mrefu. Shimo la risha, rangi iliyolika pale mkono ulipolala, vyote viko. Nyuzi zimefungwa na hazisogei. Nimeshukuru imehifadhiwa, na nimehuzunika pia, sitaficha. Mlinzi alinipita mara tatu.

Baadaye, kwenye duka la ala za zamani, wameniruhusu nijaribu A ya miaka ya 1920 yenye kichwa chembamba kama cha nyoka. Ni nyororo kuliko yangu, tena haraka. Nimeirudisha ukutani bila kuuliza bei.

Saa tatu usiku, hotelini, nikapiga simu Tanga. Kule ni saa kumi na moja alfajiri, na mkaza mjomba huwa ameshaamka kwa ajili ya sala. Nikamwamkia, nikamwambia subiri usikate, nikaiweka simu kitandani. Nyuzi bado ni nne, sijarudisha zile nyingine. Nikapiga wimbo wa bibi harusi toka mwanzo.

Nilipomaliza palikuwa kimya, jogoo tu anawika kwa mbali upande wake.

"Umeipata ile?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni nyingine."

"Mh." Akanyamaza tena. "Huo wa tatu umeshuka. Mjomba wako angeukaza kwanza."

Nikaukaza, nikaanza tena.